Tama

Kazi hii nilipewa mimi kwa kuwa nafundisha fizikia,
kana kwamba anayejua kuunganisha balbu na betri
anajua pia shavu la mtoto.

Maikrofoni mbili, za kuazima kanisani.
Mzee wa kwaya kanihesabia kama anayetoa mahari:
"Mbili zimetoka, mwalimu. Mbili zirudi."
Waigizaji saba.
Na mvua ya Tukuyu, isiyouliza ratiba ya mtu,
inalipiga bati la bwalo
hata anayekuita kutoka meza ya pili
unamwona mdomo tu.

Waya upite nyuma ya sikio, ushuke chini ya ukosi,
uachiwe ulegevu, maana mtu atageuka, atapiga goti;
waya uliokazwa ni mbuzi wa kamba fupi.
Kisanduku kiunoni, ndani ya kifuko cha karanga:
jasho la woga lina chumvi,
na chumvi haijawahi kuwa rafiki wa betri.
Juu yake mkanda wa khanga, fundo ubavuni.
Kisha plasta.

Lakini huu ni Mei, ngozi zinapasuka kwa baridi,
na hakuna mtoto anayetoka bwenini
kabla hajajipaka mafuta ya mgando
akang'aa kama sufuria ya sikukuu.
"Nawa uso, Gwakisa."
"Nimenawa."
"Nawa tena."
Namsugua kwa pamba na spiriti ya zahanati,
anakunja uso, anajifanya jabali,
ila kidole changu kimepita juu ya mshipa wa shingo
na mshipa haujui kuigiza.

Nyuma ya shuka za bweni tulizoziita pazia
nabandua kwa huyu, nabandika kwa yule.
Mara moja nilichelewa kuzima.
Hakimu Gwakisa, ametoka tu kutoa hukumu nzito,
akasikika ukumbi mzima:
"Jamani, makande yamebaki?"

Halafu Atupele.
Mjane; shemeji wamekuja na kamba kupima shamba lake la chai.
Sikumsugua vizuri. Nakiri.
Spiriti ilikuwa imebaki harufu.
Alipofika "hapa nilizaa, hapa nilizika"
nikaiona plasta ikiinua ukingo,
polepole, kama kifuniko cha chungu kinachotaka kuchemka,
na maikrofoni ikaning'inia kuelekea begani.
Sauti ikakatika.
Bati likabaki linaongea peke yake.

Mimi nikashika kichwa.
Yeye akashika tama.

Kiganja kizima shavuni, vidole vimeibana maikrofoni pembeni mwa mdomo,
kichwa kimeuinamia mkono,
na maneno yakarudi, karibu kuliko mwanzo, yana pumzi ndani,
kama mtu anayekuambia jambo usiku
kutoka kitanda cha jirani.
Mkono ule haukuondoka tena.
Shemeji aliwajibu hivyo hivyo, kamba aliitupa kwa mkono uliobaki,
na alipopiga goti, waya ukamfuata bila kuvutika
(hapo angalau nilifanya kazi yangu).
Mama Mwakatobe wa jikoni alijifuta kwa aproni.
Mgeni rasmi alivua miwani, akaishika tu.

"Nani amemfundisha yule binti kushika tama vile?"
aliniuliza, tukisubiri mvua ipungue.
Nikamwambia: mafuta ya mgando.
Alicheka. Alidhani namtania.

"Polepole au haraka?" nilimuuliza Atupele.
"Haraka, mwalimu."
Ikatoka na malaika kadhaa za shavuni,
ikaacha kijimraba chekundu.
Vidole vyake bado vilikuwa vimejikunja,
akavitazama, akavinyoosha kimoja kimoja.

Mbili zilitoka, mbili zimerudi.
Leo, Kidato cha Pili B, nafundisha msuguano,
nimetia mkono kwenye koti nitafute chaki
kikaninata kidoleni kipande cha plasta,
na malaika zake.
Nimesimama nacho mbele ya ubao.
Darasa linangoja.